Aliitwa Mara Tatu Hakuitika

Siku ya kwanza kazini nilivaa shati la marehemu baba. Lilikuwa shati zuri, ila mikono yake ilinifika kwenye ncha za vidole. Tarishi Mkuu wa Mahakama ya Mwanzo, Musoma mjini, alinitazama bila kucheka, akanisogeza dirishani penye mwanga, akanikunja mikono ya shati yeye mwenyewe hadi juu ya viwiko. Akaniambia kwamba kazi ya tarishi ni kukabidhi, na mtu anayeletewa karatasi ya serikali hutazama kwanza mkono unaoileta.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Nilikuwa nimeacha shule darasa la nne, baba na mama walipotutoka kule Mugango, mmoja msimu wa kupanda na mwingine msimu wa kuvuna. Tulibaki watoto watano, mimi nikiwa wa kwanza. Nilivua samaki ziwani, furu na ningu, nikalima mihogo, nikawasukuma wadogo zangu shuleni mmoja baada ya mwingine. Bwire, wa tatu, alipooza mguu kwa homa ya utotoni, kwa hiyo yeye nilimbeba mgongoni mpaka mlangoni pa darasa, kisha nikarudi kwenye nyavu. Majirani walinishauri nimwache nyumbani alinde kuku. Niliwajibu kwamba kuku wetu hawana maadui.

Nilipopata kazi ya mahakama tulihamia chumba kimoja mtaa wa Nyasho, sote watano. Nilichukuliwa kwa sababu tatu: nilijua kusoma, nilijua kuendesha baiskeli, na nilisema Kijita cha nyumbani pamoja na Kizanaki cha ujombani. Ninyi vijana mnaosoma haya mmezoea mahakama zenye kompyuta, kwa hiyo nieleze kidogo. Mabaraza ya machifu yalikuwa yamefutwa, na mahali pake pamewekwa Mahakama za Mwanzo. Mbele aliketi hakimu mmoja, kushoto na kulia kwake wazee wa baraza wawili, yaani raia wenye heshima waliosikiliza na kutoa maoni, hasa mambo yalipogusa mila. Karani aliandika. Tarishi alifanya yaliyobaki. Alipeleka samansi vijijini, alifungua mlango, aliapisha mashahidi, alitafsiri lugha za nyumbani, na aliita.

Kuita kulikuwa ufundi. Shauri likifika, tarishi hutoka mlangoni, hutaja jina la mdai, yaani mwenye kulalamika, kisha la mdaiwa. Huita mara tatu, na kati ya mwito mmoja na mwingine huacha nafasi ya mtu kumaliza maji aliyokuwa anakunywa. Mdai asipoitika, tarishi hurudi ndani na kusema, "Hayupo, Mheshimiwa," na shauri hufutwa. Tarishi Mkuu alikuwa na sauti ambayo watu wa mtaa wa pili, Kitaji, walidai kuwa waliisikia wakaipikia chai kama mgeni. Siku nilipojaribu mara ya kwanza alinirudisha ndani. "Usiite kama unaita mbuzi," alisema. "Ita kama unamwita shemeji yako unayemheshimu, anayekudai." Nilimpenda sana mzee yule. Alistaafu bila hata siku moja kukaa kwenye kiti cha karani, ingawa karani alikuwa mwanawe.

Kutoka Musoma nilihamishiwa Butiama. Hakimu wa huko alikuwa mtu mnene, mpole, aliyekuja kazini na ndizi mfukoni. Huko ndiko nilikojifunza kuapisha. Mkristo alishika Biblia, Mwislamu Kurani, na asiyekuwa na kitabu alithibitisha kwa maneno tu kwamba atasema kweli. Wazee wa baraza hawakuridhika na maneno matupu. Walimtaka shahidi wa dini ya asili ataje jina la marehemu wa nyumba yake, kwa sauti, mbele ya watu. Sheria haikuagiza hivyo, na hakimu alijua haikuagiza, lakini aliwaacha. Aliniambia kwamba amewahi kuona mtu akishika Biblia huku anadanganya, ila hajaona anayemtaja baba yake aliyekufa kisha akadanganya bila kutokwa jasho.

Ilikuwa miaka ya sheria ndogo za kilimo. Kila kaya ilitakiwa ilime ekari ya pamba, na asiyelima alishtakiwa. Siku moja Bwana Shamba alileta kundi la wazembe, na katikati yao alikuwapo mzee kipofu, ameshika bega la mwenzake. Hakimu alimuuliza kwa nini hakulima. "Nimelima, Mheshimiwa," mzee akasema. "Wao ndio hawajaliona." Tulikwenda kutazama. Alikuwa amefunga kamba kutoka mlangoni pake hadi shambani, na kando ya kamba nyingine mistari ya pamba ilikuwa imenyooka kuliko ya jirani. Bwana Shamba alikuwa amehesabu kaya kutoka barabarani, na nyumba ya kipofu akairuka, akamwandika mzembe bila kukagua shamba, maana hakudhani analima. Hakimu alicheka mpaka akatoa ndizi, akampa yule mzee. Mimi nilicheka pia, lakini njiani kurudi nilifikiri. Kosa la mzee lilikuwa kutodhaniwa. Wakati ule hapakuwa na sheria yenye jina la watu kama yeye. Tuliwaita vipofu, mabubu, viwete, basi, na kila hakimu alijitafutia njia.

Baadaye nikapelekwa Bunda, na jambo ninalotaka hasa kulieleza lilitokea huko.

Operesheni ya vijiji ilikuwa imepita. Watu walihamishwa kutoka makwao ya zamani wakapangwa kwenye mistari, kila kaya na kiwanja chake. Mjane mmoja aitwaye Nyangeta, kiziwi tangu kuzaliwa, alipimiwa kiwanja kama wengine, kwa sababu siku ya kupima alisimama pale pale na watoto wake wawili wadogo hadi mwenye kamba ya kupimia alipomfikia. Alikata miti mwenyewe, akakanda udongo, akaezeka. Nyumba ilipokwisha, shemeji yake Masatu, ndugu wa marehemu mumewe, aliiambia kamati ya kijiji kwamba bubu hawezi kuwa mkuu wa kaya. Nani atamwita mikutanoni? Nani atamwambia zamu ya kazi ya pamoja? Kamati ikaona ana hoja. Nyangeta na watoto wakahamishiwa jikoni kwa Masatu, na katika nyumba ile Masatu akamweka mke wake wa pili.

Nyangeta alikuwa na lugha yake ya mikono, aliyoitunga mwenyewe nyumbani. Hakuwahi kufundishwa na mtu. Alipomaliza kulia alikwenda kwa Balozi wa nyumba kumi, akaunganisha viganja viwili kuwa paa, akajipiga kifuani, akasimama hapo mlangoni kila asubuhi. Balozi alikuwa mtu mwema lakini mwenye kazi nyingi. Mwisho alimleta Bunda, akafungua shauri mbele ya karani kwa niaba yake. Hakimu hakuwa amemwona. Mimi ndiye niliyepeleka habari ya tarehe kijijini, kwake na kwa Masatu, kwa hiyo nilijua yeye ni nani. Nilimwonyesha jua na siku kwa vidole, akaelewa kabla sijamaliza.

Siku ya shauri Balozi aliitwa kwenye mkutano wa pamba, karani aliyewaandikia alikuwa likizo, na Nyangeta akaja peke yake. Mimi nilikuwa nimetumwa upande mwingine wa wilaya na samansi. Niliporudi alasiri, baiskeli ikiwa imejaa vumbi, nilimkuta ameketi kwenye benchi la nje, kanga ameibana kwapani, anatazama barabara. Mgongo wake ulielekea mlangoni. Aliponiona alisimama, akanionyesha mlango kwa kidevu, akiniuliza bado.

Niliingia ndani. Tarishi mwenzangu alikuwa anafunga madirisha.

"Yule wa nyumba? Limefutwa," akasema. "Nimeitaga watu miaka yote hii, ila leo nimeita mpaka ng'ombe wa mnadani wamegeuka. Mara tatu. Hakuitika."

"Yuko nje."

"Basi ana kiburi."

"Ni kiziwi, bwana."

Alikaa kwenye dirisha alilokuwa analifunga. Akanieleza kwamba Masatu alikuwa ameketi benchi lile lile na huyo mwanamke. Alipoitwa jina lake mwenyewe aliitika, akainuka, akapita mbele ya magoti ya shemeji yake akaingia ndani, akasimama kimya wakati shauri linafutwa.

Hakimu wa Bunda alikuwa kijana kuliko mimi, mwenye miwani, mkali kwa wachelewaji na kwa wenye kuvaa kofia mahakamani. Sikujua atalipokeaje. Nilimkuta anakunja joho lake, nikamwambia. Alijibu kama nilivyotarajia: utaratibu ni utaratibu, tarishi akiita mara tatu ameita, na mdai akitaka shauri lirudishwe lazima alete sababu ya kutosha ya kutoitika. Nikamwomba aje atazame sababu hiyo dirishani. Akaja, akamwona mwanamke ameketi, mgongo kwetu. Akagonga ukuta. Akapiga makofi. Akaita jina lake yeye mwenyewe, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Nyangeta aliendelea kutazama barabara.

Hakimu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akasema shauri limerudishwa. Na tangu siku ile akaweka agizo ambalo sijawahi kuliona katika kitabu chochote. Baada ya kuita mara tatu kwa sauti, tarishi wa Bunda alitakiwa azunguke uwanja mzima na kumtazama kila mtu usoni kabla ya kusema hayupo. Zunguko hilo aliliita "kuita kwa miguu". Tulimnung'unikia, maana siku za mnada uwanja ulikuwa unajaa. Lakini tuliwapata wengi kwa njia hiyo: wazee wenye masikio mazito, wanawake waliokuwa wananyonyesha nyuma ya jengo, na mara moja mdaiwa aliyejificha ndani ya tenga la kuku.

Kurudisha shauri kulikuwa rahisi kuliko kulisikiliza. Hakimu alitueleza wazee wa baraza na mimi kwamba sheria haimkatazi asiyesema kutoa ushahidi. Anaweza kutoa kwa ishara, mradi azifanye waziwazi mahakamani na ziandikwe. Shida ni nani angezifasiri. Mimi nilijua chache tu. Balozi alijua paa na kifua. Aliyezijua zote, tangu Nyangeta alipoolewa katika boma lile, alikuwa mtu mmoja, Bibi Nyakaho, mama mkwe wake. Na Bibi Nyakaho alikuwa mama mzazi wa Masatu, mdaiwa.

Hakimu alikataa. Alisema mtu hawezi kuwa mdomo wa upande mmoja huku tumbo lake limezaa upande wa pili. Hapo Masatu, mwanamume mpana, mwenye tabia ya kujipigapiga kifua akizungumza, akainuka. "Mimi sina neno, Bwana Hakimu. Mama ni wangu. Nakubali awe mdomo wa shemeji."

Niliona mzee mmoja wa baraza akitabasamu kwa kona ya mdomo. Sote tulielewa kwa nini Masatu amekubali. Hakimu alimgeukia Nyangeta ili naye aulizwe, na Bibi Nyakaho, kikongwe mwembamba mwenye kiko kiunoni aliyekuja kusikiliza, akamuuliza kwa mikono palepale. Nyangeta alimtazama mama mkwe wake. Kisha akainua mabega, kama mtu anayeambiwa achague njia mahali penye njia moja.

Hakimu bado hakuridhika. Alitaka kujua kama kweli lugha ile ipo, au ni kikongwe atakayejitungia. Ndipo mzee wa baraza wa kushoto, mnene, aliyekuwa na kawaida ya kusinzia baada ya saa nne, akatoa shauri. Bibi Nyakaho apelekwe nje, jambo lifanyike mbele ya Nyangeta, kisha kikongwe arudishwe asimuliwe. Ikawa hivyo. Kikongwe alipotoka, mzee yule alitoa kofia yake aliyokuwa ameikalia akamvisha karani. Mimi niliamriwa ninywe maji ya hakimu. Nilisita, hakimu akaniamuru tena, nikanywa.

Bibi Nyakaho akarudi. Mikono ya Nyangeta ilianza kwenda, na uso wake, ambao tangu asubuhi ulikuwa umefungwa, ukafunguka. Kikongwe akatafsiri kwa sauti kavu.

"Anasema huyu mzee anayelalaga, leo ameamka. Amemvisha kijana wa kalamu kofia, na kofia imempendeza kijana kuliko mwenyewe. Anasema na yule mrefu wa baiskeli amekunywa maji ya mwenye miwani, baada ya kuamriwa mara mbili."

Watu walicheka mpaka waliokuwa nje wakachungulia. Hakimu mwenyewe aliinama kwenye meza. Mzee wa baraza alirudishiwa kofia, akaikalia tena, na hakusinzia siku ile.

Kisha nikamwapisha Bibi Nyakaho. Hakuwa na kitabu, akathibitisha kama sheria ilivyotaka. Wazee wa baraza wakakohoa. Desturi ya Butiama ilikuwa desturi ya Bunda pia. Walimwomba amtaje marehemu wa nyumba yake. Nilidhani atamtaja mumewe. Akatoa kiko kiunoni akakiweka sakafuni, akamtaja mwanawe aliyekufa, mume wa Nyangeta. Masatu aliacha kujipigapiga kifua.

Nyangeta alieleza yake: miti aliyokata, udongo, nyasi alizobeba, siku ya kamba ya kupimia. Hakimu aliandika kila ishara kama ilivyokuwa, kisha maana yake. Masatu alipopewa nafasi ya kuuliza alikuwa amekwisha kujikusanya. Kwanza hakimu alimuuliza yeye kama siku ile ya kwanza alimwona shemeji yake pale kwenye benchi. Akasema alimwona. Kwa nini hakumgusa bega? Akasema hakuulizwa. Kisha Masatu akauliza swali lake: si kweli kwamba shemeji alihamia kwake kwa hiari, kwa kuwa alihitaji msaada?

Bibi Nyakaho aliligeuza swali kwa mikono. Nyangeta alijibu polepole, akiwa ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza kikongwe hakufasiri. Hakimu alimkumbusha kwamba mahakama inasubiri.

"Anasema alikwenda lamboni kuteka maji," akasema. "Aliporudi alikuta vyungu vyake nje. Anasema aliyevitoa ni huyu." Akajipigapiga kifua, na kila mtu akatambua jina la Masatu katika lugha ile. "Na anasema mimi nilikuwa nimesimama hapo. Nilitazama. Sikuinua mkono."

Hakimu aliuliza kama hivyo ndivyo alivyosema.

"Ndivyo alivyosema."

"Mama," Masatu akasema, kwa sauti ya chini. "Mama, wewe ni wangu."

"Ni wako. Lakini ndugu yako nimemtaja hapa mbele za watu. Nikifika kwake atanihoji, nami nimwambie nini?"

Nyangeta, ambaye hakusikia neno hata moja katika hayo, alikuwa anatazama nyuso zetu moja baada ya nyingine. Alitaka kujua nyumba yake imefika wapi.

Hukumu ilisomwa siku iliyofuata. Wazee wa baraza wote wawili walitoa maoni upande wa mjane. Hakimu alisema kaya ni ya mtu anayeishi, anayelima na anayelea, na kwamba katika taratibu zote za kijiji alizosomewa hakuona mahali palipotaja masikio. Nyumba na kiwanja ni vya Nyangeta. Kama kamati ina jambo la kumwambia, itume mtu akasimame mbele yake. Masatu aliambiwa ana haki ya kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, yaani kupeleka malalamiko juu zaidi. Alitingisha kichwa kwamba hataki, akaondoka.

Kukaza hukumu, maana yake kuhakikisha yaliyoamriwa yanatendeka, kulikuwa kazi ya tarishi. Nilikwenda na Balozi. Nilijiandaa kwa matusi, pengine na fimbo, lakini mke wa pili wa Masatu alikuwa amekwisha kutoa vitu vyake na alikuwa anafagia. Alituambia hakupenda kukaa pale tangu mwanzo, maana kila asubuhi mwenye nyumba alikuwa anakuja kusimama uani na kumtazama, na mtu huchoka kutazamwa. Nyangeta aliingia, akapapasa kuta, akakuta ufa, akatoka kutafuta udongo. Hakutuaga. Tulipokuwa tunaondoka tulikutana na Bibi Nyakaho njiani, kinu kichwani na mwiko mkononi. Balozi akamuuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda kwa mkamwana wake, kama atamfungulia. Alimfungulia.

Mahakama moja ya mwanzo haibadilishi nchi, na sitaki vijana mdhani hivyo. Nimeona mashauri mengine mengi yakipotea kwa sababu hapakuwa na Bibi Nyakaho, au alikuwapo na akaogopa. Haki iliyotegemea moyo wa hakimu ilikwenda likizo hakimu alipokwenda likizo. Ndiyo maana Bunge lilipopitisha zile sheria mbili za watu wenye ulemavu mwaka 1982, moja ya ajira na nyingine ya matunzo, mimi nilizisoma neno kwa neno, kwa kidole, na elimu yangu ya darasa la nne. Sheria ya ajira iliwataka waajiri wakubwa watenge sehemu ya nafasi zao kwa watu hao. Bwire alikuwa amekaa miaka mingi na cherehani yake kwenye kibaraza Nyasho. Nilimsindikiza hadi kwenye kiwanda kimoja mjini Musoma. Ofisa Utumishi alituambia hajaisikia hiyo sheria. Nikamwambia asijali, sisi tunaweza kumsubiri aisikie. Tulikwenda kila Jumatatu ya likizo yangu, tukikaa mbele ya mlango wake, hadi siku alipoinua simu akauliza wakubwa wake. Bwire alifanya kazi pale mpaka mvi, na akaninunulia shati linalonitosha.

Leo kuna sheria mpya na pana zaidi, kuna lugha ya alama inayofundishwa, na wafasiri wanaosomea kazi hiyo. Msizichukulie kama mvua, kwamba zimedondoka tu. Nikisikia kwamba mahali fulani kiziwi amesikilizwa na mfasiri wa serikali, asiyekuwa mama wa mtu yeyote pale ndani, moyo wangu hufurahi. Hata hivyo nauliza kila mara: nani alimtazama usoni kabla ya kusema hayupo?

Nilistaafu nikiwa Bunda. Wiki zangu za mwisho niliomba ruhusa nipite vijiji nilivyovizoea, niwaage watu niliowahi kuwaletea habari njema na wale niliowaletea mbaya. Bibi Nyakaho alikuwa amekwisha kufariki, katika nyumba ile. Niliambiwa kwamba baada ya shauri, yeye na Masatu walikaa muda mrefu bila kusemezana, na kwamba kila neno kati ya mama na mwana lilipita mikononi mwa Nyangeta. Kwa hiyo Masatu ilimbidi ajifunze lugha ile ya mikono.

Nilipofika nilimkuta huyo Masatu. Alikuwa mzee sasa, upana wote umeisha, ameleta mafungu ya mihogo. Hakuingia uani. Alikuwa amesimama juani nje ya ua, mahali ambapo mtu aliyeketi kizingitini anaweza kumwona, ameshika kofia mkononi, anasubiri. Nilisimama kando yake, tukasubiri wote wawili. Nyangeta alikuwa anapepeta ulezi. Nina hakika alikuwa ameshatuona. Alipepeta ungo ule, akamimina, akajaza mwingine, akaupepeta nao mpaka mwisho. Ndipo akainua uso, akatuonyesha kwa mkono kwamba tunaweza kuingia.